Sauti Aliyoiogopa Mama

Lugha ninayoandikia imejaa sauti ambayo mama yangu aliiogopa kuliko nyoka. Wa. Mtoto wa fulani, wali wa jana, watu wa mbali. Nilipokuja kusoma Dar es Salaam nilishtuka kuona watu wanavyoimwaga mdomoni hovyo, kama mtu anayewatupia kuku mtama. Kwetu Sidama, kusini mwa Ethiopia, ukiivuta kidogo, waa, ni maji. Kwa Waoromo wanaotuletea asali ni kitu, kitu chochote tu. Kwa Waamhara ni onyo: jihadhari, utakiona! Nimesoma kwamba huko Japani ni amani. Mama hakuwahi kuona amani yoyote ndani yake.

Jina lake Danchile. Aliolewa na baba yangu, Lankamo, akiwa na miaka kumi na saba, na baba mkwe wake aliitwa Wayiso. Kwa desturi yetu mke hamtaji mkwe wake, wala hatamki neno lolote linaloanza kama jina lake. Maji yakawa haramu kinywani mwa mama. Mkate wetu wa mgomba usiozaa ndizi, ambao ndio chakula chetu cha kila siku, nao pia, maana jina lake linaanza vivyo hivyo.

Mavyaa wake alimkalisha jikoni siku ya pili ya harusi.

“Ukishikwa na kiu, utaomba nini?”

“Bishaan,” mama akajibu. Hilo ni neno la Waoromo. Wake wa ukoo ule walikuwa wameliazima zamani.

“Na mkate?”

“Kile cha jikoni.”

“Haya. Mtoto mwerevu. Lakini sikiliza, bibi harusi. Ulimi ukiteleza, hufi wewe. Anakufa mwenye jina.”

Si kwamba alikuwa anamtisha bure. Kabla ya mama, nyumba hiyo ilikuwa na mke mwingine, Dukale, wa kaka yake baba. Siku moja nguo yake ilishika moto naye akalia lile neno, la maji, mbele ya mzee Wayiso. Wiki haikuisha, mzee akaugua, na alipoinuka jicho lake moja lilikuwa limekufa. Dukale akarudishwa kwao. Binti yake alibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Mama alimkuta binti huyo akilelewa na bibi, yule mavyaa, na kila alipomwogesha alifikiria tumbo lake mwenyewe, ambamo tayari nilikuwemo mimi.

Basi aliishi akiuonja ulimi kabla ya kusema. Sokoni, dereva wa lori akimpigia kelele mwenye punda, “Wa!”, mama aliziba mdomo wake kwa kitambaa, kana kwamba sauti ile imetoka kwake. Mimi nilipoanza kusema, neno langu la kwanza lilikuwa maji. Mjukuu anaruhusiwa. Bibi alicheka akanibusu, lakini mama alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya zizi.

Na mzee alikuwa hasemeshwi uso kwa uso na mke wa mwanawe. Ujumbe ulipitia kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu asipokuwepo, kwa nguzo.

“Ee nguzo, chakula kiko tayari.”

“Mwambie, ee nguzo,” mzee alijibu, “jana chumvi ilikuwa nyingi.”

Nilipokuwa na miaka miwili, kuna siku watu wote wa boma walikwenda kilioni ng'ambo ya bonde. Tulibaki mama, mzee na mimi. Mzee alinishika mkono, akaswaga ng'ombe wanne hadi chini kwenye korongo la mto, kwenye chemchemi ya chumvi ambako ng'ombe hunyweshwa. Mama alikaa juu ukingoni akikwangua magome ya migomba kwa kijiti cha mwanzi. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Milimani, upande wa juu wa mto, anga lilikuwa jeusi tii.

Kwanza alisikia kitu kama mawe yanayosagana. Aliinua macho akaona, kwenye kona ya juu ya korongo, ulimi wa kahawia ukija na magogo. Huku chini, mzee na mimi tulikuwa tumechuchumaa kwenye kokoto, na ng'ombe walikuwa wameinamisha vichwa.

“Ee mti!” mama akapiga kelele, kwa maana hata hapo hakuthubutu kumsemesha. “Mwambie babu apande! Bishaan! Bishaan!”

Mzee aligeuza sikio lake. Akacheka.

“Mwambie, ee mti, sina kiu! Niko chemchemini, anataka kunipa ya mtungi?”

Mama alianza kukimbia. Hatua kumi akasimama, kwa sababu njia ilizunguka na aliona wazi kwamba hatafika. Shangazi yangu, aliyenisimulia haya, anasema mama alimwambia kwamba pale aliposimama hakuwaza mafuriko. Aliwaza jicho la mzee, na binti wa Dukale. Kisha akafungua mdomo.

“Wayiso! Wayiso! Waa!”

Mzee aliinuka kama aliyepigwa kibao. Katika maisha yake hakuna mke wa mwanawe aliyewahi kumwita jina.

“Nani? Nani amenitaja?” Akaokota fimbo, akanikwapua chini ya kwapa kama kondoo, akaupanda ule mteremko kwa hasira, mzee ambaye asubuhi alishuka akishikilia vichaka. “Umenitaja! Umenitaja mchana kweupe, mwanamke! Leo nitakuvunja mbavu!”

Alifika juu, akainua fimbo. Nyuma yake korongo likanguruma. Aligeuka. Kokoto za pale tulipokuwa hazikuwepo tena. Ng'ombe wawili walikuwa wanapanda wakitetemeka. Wawili hawakuonekana kabisa.

Mzee hakupiga. Wala hakushukuru. Aliniweka chini, akapumua kwa muda mrefu.

“Mwambie mama yako,” akaniambia mimi, “aingie ndani.”

Usiku ule mzee alishikwa na homa. Mama alipokwenda kuchukua bakuli la chakula alisimama mlangoni akaliangalia, halijaguswa. Mavyaa alinichukua nikalale kwake, na hapo mama akajua kwamba atarudishwa kwao kama Dukale. Akakunja nguo zake, akazifunga.

Siku ya tatu wazee wa ukoo walikuja kukaa ndani ya nyumba, kwa kuwa mzee hakuweza kutoka. Mama aliketi chini karibu na mlango, kichwa amekifunika.

“Ulimtaja?” akauliza mkubwa wao, aliyeitwa Hankarso.

“Nilimtaja.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Na neno jingine?”

“Mara moja.”

“Mara mbili!” bibi akadakia. “Tulisikia kilioni! Marehemu mwenyewe nusura aamke!”

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Hankarso akauliza kama kuna mtu aliyetumwa kwa ndugu za Danchile waje kumchukua. Hapo mzee akasema kutoka kitandani, sauti imekauka.

“Mtu akitajwa ili afe, huanguka. Mimi niliitwa nipande, nikapanda. Nilipanda ili nimuue, lakini nilipanda. Mnataka nirudi kule chini nikaitwe upya?”

“Na ukifa kesho, mume wangu?”

“Nikifa kesho, mtanizika kesho.”

Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Kondoo mmoja na mtungi wa asali, wakasema, kusafisha kinywa cha mama. Na angebaki hapo mpaka mvua iishe. Mzee akifa kabla ya hapo, mama angeondoka na mtoto angebaki; akiivuka mvua akiwa hai, mama asingeondoka tena.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa na miezi miwili mbele yake. Mama alikuwa wa kwanza kuamka kila alfajiri. Alisimama nje ya nyumba ya mzee, sikio kwenye ukuta wa mianzi, akisubiri kusikia anajigeuza. Alipomsikia, alikwenda kukama. Siku mzee alipochelewa kuamka, mama alikama vibaya hata ng'ombe akampiga teke. Alikonda. Baba alimletea kitambaa kipya kutoka sokoni. Hakukivaa, alikiweka pamoja na zile nguo zilizofungwa.

Homa ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Kahawa ikaanza kuiva. Asubuhi moja mzee alitoka mwenyewe, akaketi kwenye kigoda chake uani, akaniita.

“Mwambie mama yako mvua imekwisha.”

Nilikwenda nikamwambia. Bibi alikuwa jikoni, na hakupinga. Mama aliniweka mapajani, akanishika sana mpaka nikalia. Kisha alitoka na mimi mgongoni, akaenda mpaka ukingoni, akaangalia yeye mwenyewe upande wa milimani kama mawingu yamekwisha kweli. Alisimama pale hadi jioni.