Mwamba Uliolia Mkavu

Mjomba wangu anachimba dhahabu Mwakitolyo. Kabla ya kushuka kwenye duara, yaani shimo lao, hugonga ukuta kwa nyundo na kusikiliza. Ukilia mkavu, mwamba ni mzima. Ukilia kama debe tupu, hakai chini yake. Hilo alinifundisha kabla sijajua kusoma.

Baada ya chuo, ajira ikikawia, nilikwenda kubeba mizigo Kilimanjaro. Siku ya tano tulipita upande wa magharibi, chini ya barafu, kwenye mteremko mkali wa mawe yaliyolaliana. Kiongozi alituonya tuvuke kabla jua halijafika kule juu. Tulichelewa. Kichwa kiliniuma, pumzi haikutosha, na mpagazi mwenzangu, aliyeniazima glavu zake, alitaka kupumzika chini ya jabali.

Nilisita. Nikafikiri, nikafikiri tena, kisha nikaokota jiwe nikagonga jabali mara tatu.

"Msukuma, unambishia hodi nani?" alicheka.

"Zima hili. Kaa."

Sikujua kwamba kule barafu ndiyo inayoshika mawe. Usiku huyagandisha yakawa kitu kimoja. Jua likiyagusa, huyaachia. Nilikuwa nimepiga hatua kama kumi niliposikia kishindo nyuma yangu. Tulimshusha mwenzangu kwa machela, mguu umepondeka chini ya goti. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama glavu zinanitosha. Ninazo mpaka leo.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwakitolyo. Asubuhi mjomba, bega likimuuma, alinipa nyundo nimgongee ukuta.

"Unasemaje, mpwa wangu?"

Ulilia mkavu. Nikagonga tena, na tena.

"Usishuke, mjomba."

"Umesikia nini?"

"Mzima."

Wenzake wakaangua kicheko. "Msomi wetu huyo! Mzima, halafu watu wasishuke!"

Mjomba hakucheka. Aliichukua nyundo taratibu mkononi mwangu, akagonga mwenyewe. Akashuka.

Nilikaa ukingoni. Kila sururu yake ilipotua huko chini nilishusha pumzi, ilipokawia, nilimwita. Aliitika mara nne. Ya tano akasema, "Mpwa, niache nifanye kazi."

Saa saba mchana alipanda, vumbi mpaka kwenye kope, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nautazama ukuta. Jua lilikuwa limeufikia.