Ngombe Yangu Waliyoikula Kando ya Ziwa

Hakuna muntu wa milima yetu ya Kibabi aliyekuwa na macho ya biashara kama yangu. Nilisoma miaka miwili kwa wamisionere, na mumoja kati ya ile miwili nilikuwa nafagia kanisa. Lakini waliosoma sita njo walinipa maziwa yao, nami niliyashusha ku soko ya Sake na kuyauza.

Siku moja, kule Sake, watu wakasema meli itaanza kusimama upande wetu wa ziwa, ichukue maharagi. Wengine walisikia maharagi. Mimi nilisikia hoteli.

Wakati ule kando ya ziwa haikukuwa kitu: matete, vyura, na mihogo ya watu wachache. Nilichagua kiwanja karibu na maji, nikauliza ni ya nani. Wakanionyesha muzee mumoja wa kabila la Wahunde, mulimaji, miguu bila viatu. Nikamuhurumia.

"Papa, nipe hapa. Nitakuletea ngombe."

"Muzima?"

"Muzima, na mimba ndani."

"Basi leta. Utakuwa mutoto wetu."

Nikacheka moyoni. Kwetu wafugaji, ukimupa muntu ngombe, yeye njo anakuwa muntu wako. Anakuja kukujengea lupango, uzio wa kuzunguka nyumba, na ngombe ikizaa anakurudishia ndama. Kumbe nilikuwa napata kiwanja pamoja na muntu, kwa ngombe moja tu! Nikaeleza bibi yangu wa ndoa ile akili. Akaniuliza, "Papa, na yeye anajua?" Nikamujibu kwamba mwanamuke hajui biashara.

Nikapeleka ngombe, kisha nikajenga nyumba ya vyumba vine, juu manjanja tupu, bati la kungaa lililobebwa ku vichwa kutoka Sake. Muzee hakuja kujenga lupango. Nikamungoja. Baadaye nilikuja kusikia kwamba naye alikuwa ananingoja mimi.

Mavuno mawili yakapita. Nikavaa kofia, nikaenda kuchukua ndama yangu.

"Papa, ngombe iko wapi?"

"Tuliikula."

"Na mimba?"

"Hiyo ilikuwa laini sana." Akashusha kutoka juu ya moto kipande cheusi cha nyama ya kukausha ku moshi. "Sehemu yako. Tulikuwekea. Sasa na wewe, mutoto wangu, maharagi ya kwanza iko wapi? Mavuno mbili, hata kitunga moja ya mutulo haujaleta!"

Mutulo! Kwao, anayekaa ku udongo wa mwenzake njo anamupelekea matunda ya kwanza, na pombe juu. Wakati wote mimi nilimuhesabu kuwa muntu wangu, yeye alinihesabu kuwa wake. Nilirudi nikitafuna ile nyama. Ilikuwa ngumu kama mukaba wa ngozi.

Kisha muchuuzi mumoja akafika kutoka Goma, na karani wa serikali nyuma yake, na karatasi yenye kashe, ule muhuri wa ofisi. Kiwanja ni chake, akasema, niondoe manjanja yangu. Mimi najua kusoma, lakini polepole. Kufika ku mustari wa pili, tayari nilikuwa nimeona hoteli yangu inakwenda. Nikaenda kwa muzee. Sikukimbia, muntu kama mimi hakimbie, lakini kofia ilianguka njiani.

Muzee akaja na kilima chote. Akachukua karatasi, akainusa.

"Hii inaliwa namna gani?"

"Muzee, karatasi hailiwe," muchuuzi akasema.

"Ya huyu ilikuwa ngombe, tuliikula. Mama, wewe ulikula wapi?"

"Mubavu!"

"Na wewe?"

"Ulimi, Papa. Na chumvi hamukunipa."

Mumoja kwa mumoja wakasema. Hakuna mahali pa ngombe yangu palipokosa shahidi. Karani aliandika, aliandika, alipofika ku kwato, akafunga kitabu, akamuambia muchuuzi, "Bwana, turudi. Hawa wote hatuwaweze."

Basi kiwanja kilibaki changu. Meli nayo haijasimama mpaka leo; inapita mbali, inapiga honi, mimi naipungia kofia. Vyumba vine viko tayari, na vyura hawalipe.

Kila mavuno napeleka kwa muzee kitunga cha maharagi na mutungi wa kasikisi, pombe ya ndizi ile nzuri. Wenye wivu wanauliza, tajiri kama huyu anabeba mutungi ku kichwa? Nawaambia, ni biashara. Mwaka huu bibi yangu alinifuata nyuma na kitunga. Ku mutelemuko akaniuliza, "Papa, huyu muzee bado ni muntu wako?"

Nikamuambia anyamaze, pombe itamwagika.