Sikio la Kushoto

Juzi nilimpeleka mwanangu kuandikishwa shule, hapa Mpemba. Mbele yetu kulikuwa na mtoto kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu alimuuliza jina na umri tu, kisha akamwambia aje Jumatatu. Nikajikuta nimelishika sikio langu la kushoto.

Sisi kule Hasamba tulipimwa kwa sikio. Ukipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ukaligusa sikio la kushoto, basi umri wa shule umefika. Mimi sikujua habari ya umri. Niliamini sikio lisipoguswa halifunguki, na masomo hayaingii. Na mkono wangu wa kulia unaishia kwenye kiwiko tangu nizaliwe.

Mchana wa kuandikishwa kwangu mvua ilipiga bati, darasa likinuka udongo na nguo mbichi. Zamu yangu ilipofika niliinua kile kipande cha mkono. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Huyu mrudishe tu nyumbani, mwenzangu." Mama yangu akamtazama mwalimu. Leo kuna sheria; siku zile mwalimu angekataa, nani angemuuliza?

Mwalimu aliinuka. Akapitisha mkono wake mwenyewe juu ya kichwa changu, vidole vimejaa chaki, akaligusa sikio langu.

"Mkono umefika," akasema. "Kakae na wenzako."

Nilikaa, nikatega sikio. Kweli lilikuwa limefunguka: nilimsikia mama, nje kwenye mvua, akicheka peke yake.