Barua Iliyokaa Nyuma ya Picha

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya barua pepe mjini Kakamega. Mteja alileta barua yake kwenye karatasi, nami nikaipiga chapa kwenye kompyuta yetu moja. Barua zilingoja humo mpaka laini ya simu ya Nairobi ipatikane, kisha zikatoka moja moja. Mvua ya alasiri ikianza, laini ilikatika. Zilizobaki zililala.

Mwenye ofisi alimthamini sana mfanyabiashara mmoja aliyetuma picha za mashine ng'ambo. "Zake zitangulie kila siku," aliniagiza, nami nikatii. Picha moja ilikula muda wa barua zote za siku nzima.

Jumatatu moja alikuja mama kutoka Khwisero. Mumewe alikuwa amefariki, na kifungua mimba wao alikuwa akisoma ng'ambo. Wazee wa ukoo walitaka jibu kufikia Alhamisi: kijana akisema anakuja, mazishi yatangoja, akinyamaza, baba atazikwa Jumamosi.

"Itafika lini?"

"Leo leo, mama."

Siku hiyo picha zilikuwa nyingi. Jumanne pia. Jumatano mama alirudi kuniuliza kama barua imeenda kweli, nikamwambia majibu hukawia. Niliona haya kusema ukweli.

Alhamisi alikuja na shemeji yake kuchukua jibu, wakakuta hakuna.

"Si nilikuambia?" shemeji alisema. "Huyo siku hizi ni mzungu. Ugali imemtoka, na baba pia."

Walipoondoka niliitanguliza barua yake mbele ya picha zote. Ilitoka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Leo vijana wakiniuliza usawa wa mtandao ni kitu gani, siwatajii sheria. Nawaambia: mwenye njia asichague ujumbe wa nani upite mbio na wa nani ukawie. Anayekawishwa hata hajui amekawishwa. Anadhani aliyeko upande wa pili ndiye aliyemnyamazia. Ulizeni tena msipoelewa, maana mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa.

Jibu lilifika Jumatatu iliyofuata. "Mama, mnisubiri. Nimepata nauli, nakuja." Nililichapisha, nikalipeleka Khwisero mwenyewe. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Mama alilisoma mara mbili.

"Yangu ilitoka kwako siku gani?"

"Alhamisi, mama. Mlipokuwa mmeshaondoka."

"Na Jumatatu nilikuletea?"

"Ilikuwa nyuma ya za mtu mwingine. Ndivyo nilivyozipanga."

Alikunja karatasi. "Hapa kwetu, kwa posho mill tukienda kusaga mahindi, debe la chifu linangojanga nyuma ya langu kama nimefika kwanza. Na hiyo ni unga tu."

Aligeuka, akaita kwa sauti iliyokauka, "Shemeji! Kuja hapa! Kijana, mwambie vile umeniambia. Pole pole, asikie. Mbele ya kaburi alimtukana mtoto wangu, na watu wote wakaitikia."

Nikaeleza tangu mwanzo: karatasi, laini, picha, mvua. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Basi alikuwa anakuja," alisema.

"Yuko njiani," mama akamjibu. "Wewe ndio utampokea barabarani, umwambie tumeshazika."