Jogoo wa Kupelekwa Bungoma

Kwa nini jogoo wa shukrani asafirishwe kutoka Kitale hadi Bungoma, ilhali kanisa letu la Tuwan liko hatua chache tu kutoka mlangoni? Nilimwuliza mama swali hilo wiki niliyohitimu chuo kikuu. Aliendelea kumfunga jogoo miguu kwa kamba. Nilidhani hana jibu. Siku hizo nilidhani watu wengi hawana jibu.

Alitaka jambo moja tu: nisimame mbele ya kanisa alikolelewa, nitoe ushuhuda, nimshukuru Mungu kwa digrii yangu. Nikamwambia siwezi kusema nisichokiamini. Nilikuwa nimeona jinsi digrii hiyo ilivyopatikana: mgongo wake umeinama juu ya vitunguu sokoni, mvua ikimnyeshea, msimu baada ya msimu. Kama kulikuwa na mkono mwingine uliosaidia, mimi sikuuona. Akasema nitakwenda hata kama ni kunyamaza. Nikaenda.

Nyanya alikuwa ametuwekea nafasi kwenye benchi la mbele. Mama akalitazama, akarudi kukaa la mwisho, karibu na mlango. Nikajua anaona haya kwa sababu yangu.

Baada ya mahubiri ukaja mnada. Kule sadaka ya shukrani haiishii kutolewa. Ndizi, mayai na kuku hunadiwa palepale mbele ya mimbari, na mtu anaweza kumnunua kuku kisha akamrudisha anadiwe tena. Mzee wa kanisa aliyeongoza mnada alimwinua jogoo wetu. Alisema huyu ametoka Kitale, amepanda gari, si ajabu naye ana digrii. Watu wakacheka. Kisha akaniita mbele nieleze Bwana amenitendea nini.

"Bwana asifiwe" niliiruka, nikaanza moja kwa moja.

"Ninamshukuru mama yangu," nilisema. "Ni yeye aliyenisomesha. Yule pale nyuma."

Vichwa vyote vikageukia benchi la mwisho. Mzee akasubiri, jogoo bado mkononi.

"Na Mungu je, binti?"

"Mungu mtamshukuru nyinyi. Mimi nimemaliza."

Kuna mtu alisonya. Mchungaji akaanzisha pambio haraka, na jogoo akanunuliwa katikati ya wimbo. Mama hakuimba. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanamtetemeka, nami nikaamini nimemwaibisha kwao. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga utetezi wangu. Hakuuhitaji. Tulipofika nyumbani alisema tu kwamba niliongea vizuri, hata wa nyuma walisikia.

Sijabadilika. Bado sifumbi macho chakula kikiombewa, na bado nasema shukrani imwendee aliyefanya kazi. Mama naye bado ananiombea, tena kwa sauti, makusudi, ili nisikie.

Mwaka jana tu, tukipukuchua mahindi, mdogo wake alinieleza jambo akidhani nalijua tangu zamani. Mama alipopata mimba yangu kabla ya kuolewa, kanisa lile lilimtenga. Lilimkalisha benchi la mwisho, karibu na mlango, na hadi siku ya jogoo hakuna aliyekuwa amewahi kumtaja mle ndani kwa wema.