Vidole Vitano vya Mfalme

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 niliishi Etterbeek, Ubelgiji, katika chumba kimoja juu ya duka la viatu, na mji ulikuwa umeshaanza kunichosha. Mimi ni mtu wa kuchoka miji. Nilitoka Lubumbashi nikiwa kijana, nikapita Ndola, Johannesburg na Marseille, na kila nilikofika niliikumbuka Lubumbashi siku ya pili na kuulizia nauli ya mji mwingine siku ya tatu. Nyumbani niliwaambia nakuja mwaka ujao. Nilikuwa nimesema hivyo kwa miaka kumi na moja.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma mikokoteni ya mashuka katika hospitali moja kule Woluwe. Jumapili nilisali na Wakongo wenzangu katika parokia iliyopewa jina la mfalme mmoja wa Ufaransa ya zamani, yule aliyetangazwa mtakatifu. Tulimwomba kila wiki bila kumjua. Padri wetu aliona hiyo ni aibu, kwa hiyo sikukuu yake ilipokaribia akakodi basi la kutupeleka Paris, kuliona kanisa alilolijenga.

Njiani padri alisimama karibu na dereva akatusimulia. Mfalme alilipata taji la miiba la Bwana Yesu kutoka kwa kaisari wa Konstantinopoli, mji ambao watu wa Vita vya Msalaba walikuwa wameuteka. Taji lenyewe lilimgharimu kuliko kanisa la vioo alilolijengea. Kisha akaenda mwenyewe kwenye Vita vya Msalaba, akashindwa, akatekwa, akakaa huko miaka. Nchi alimwachia mama yake, na mama akafa mwana hajarudi. Alipokwenda mara ya pili aliugua kuhara akafia Tunis, nao wakaichemsha maiti ili mifupa iweze kusafiri. Nyuma ya basi watu walikuwa wanakula kuku. Mimi niliisikia vizuri habari ya kuhara. Ya mama ilinipita.

Kanisani, mwenyekiti wa akina mama, ambaye sote tulimwita maman présidente, alisimama muda mrefu chini ya kioo kimoja cha rangi, shingo imerudi nyuma. Kwenye kioo kulikuwa na mtu mwenye kanzu ya kawaida, miguu mitupu, amebeba taji.

"Mon père, huyu ni nani?" akamuuliza padri.

"Ni mfalme mwenyewe, analipokea taji."

"Na vioo, nani alilipa?"

"Mfalme."

"Donc alilipa, halafu akajiweka mule ndani."

"Ilikuwa desturi yao, maman."

"Na yetu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake. "Tutachapisha kitenge."

Kwetu sherehe haijawa sherehe mpaka ichapishiwe kitenge chake na kila mtu akivae. Kazi ya kuchora alipewa tonton mmoja, mjomba wa kila mtu, aliyekuwa akichora vibao vya vinyozi kule Lubumbashi. Alikuwa na kipaji, lakini hakuweza kuchora mtu bila kuwekewa mtu mbele yake.

"Bon, mufalme alikuwa mufupi ao murefu?" akauliza, tukiwa tumekaa ukumbini.

"Mrefu," padri akajibu. "Tena amekonda. Alikuwa anafunga sana, na vita vilimletea magonjwa."

Wote wakanigeukia.

"Juu ya nini mimi?" nikauliza sababu.

"Muntu wa kutembea-tembea ni weye," maman présidente akasema. "Hiyo Vita ya Musalaba ilikuwa nini? Kutembea."

Nikapandishwa juu ya meza bila viatu, nimevaa kanzu ya mhudumu wa altare iliyoniishia magotini, nimebeba mto wa kiti na juu yake kifuniko cha sufuria mahali pa taji. Tonton alichora, akafuta, akainama kuutazama mguu wangu wa kulia. Mguu huo una vidole vinne. Cha mwisho kilikwenda na mnyororo wa baiskeli nilipokuwa na miaka saba.

"Mufalme hawezi kuwa na vidole ine," akasema, akaniongezea cha tano.

"Na sura utaigeuza?"

"Sura nitageuza. Usiogope."

Marobota yalipofika tukayafungua ukumbini. Nilikuwa mimi, ukubwa wa sahani, mara nyingi, safu kwa safu, nina duara la dhahabu kichwani na maua ya Ufaransa pembeni, na chini maandishi: Mufalme mutakatifu, utuombee.

"Tonton, ulisema utaigeuza."

"Niligeuza. Niliweka ndevu."

"Ndevu ninazo."

Akanitazama vizuri. "Alors, labda nilikumbuka."

Padri alisema hakuna aliyebaki na picha ya kweli ya mfalme, na hata wale mafundi wa vioo walichora uso wowote tu. Maman présidente alisema marobota hayarudishwi. Siku ya sikukuu parokia nzima ilinivaa, na wakati wa mahubiri parokia nzima ilinikalia. Tulipokuwa tunarudi kwa tramu, bibi mmoja Mbelgiji alinitazama usoni, akatazama makalio ya maman aliyesimama mbele yangu, akanitazama tena, kisha akahama kiti.

Kila mtu alicheka, nami nilicheka. Halafu mmoja wa akina maman akasafiri na vipande kadhaa kwenye sanduku, zawadi kwa ndugu zake wa Lubumbashi.

Lubumbashi, uso wako huchapwa kwenye kitenge kama wewe ni rais, au askofu, au umekufa. Dada yangu alinikuta sokoni, kiunoni mwa mwanamke aliyekuwa akinunua samaki. Nilikuwa nimebadilisha namba ya simu miezi mingi kabla, na sikumwambia mtu. Ilimchukua siku tatu kuipata namba mpya kupitia kwa yule mnunuzi wa samaki, ndugu wa maman aliyesafiri, ambaye alimwachia na kile kitenge.

"Ni nani anasema?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nikamtajia jina la mbwa wetu wa zamani. Akalia kwanza, kisha akanitukana vya kutosha, kisha akaniambia hali ilivyo. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka tangu Jumanne, hali chakula, anausubiri mwili. Majirani wameshaleta viti.

"Mpe simu."

"Hashiki. Anasema kule Ulaya bantu banaficha kifo, banaweka muntu mwengine asemeshe."

"Mwonyeshe kile kitenge. Mfalme ana vidole vitano. Mimi nina vinne. Si mimi."

Nikasikia anakwenda, nikasikia sauti zao kwa mbali, akarudi.

"Anasema mbinguni banarekebisha vidole."

Nikavua soksi, nikaupiga picha mguu, nikamtumia. Simu yake iliipokea kwa shida baada ya saa nzima. Mama aliitazama picha, akasema muguu bila mwenyewe ni wa nini, sasa bananitumia mwana wangu vipande-vipande. Ndipo dada akasema kwa sauti ya chini kwamba hata uji mama ameukataa, na kwamba mwili wake si wa kusubiri mwaka ujao.

Nilikuwa nimeshajiwekea nauli ya Oslo. Niliibadilisha asubuhi ile ile. Ndani ya ndege ile habari ya basi ilinirudia yote, pamoja na ile sehemu ya mama iliyonipita wakati wa kuku, na haikutoka kichwani mpaka Lubumbashi.

Uani kwetu niliwakuta watu wamekaa kwenye viti vya msiba. Mama alikuwa kwenye mkeka, amejifunga kitenge, uso wangu uko gotini kwake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Hakuinuka, hakunyoosha mkono.

"Vua kiatu," akasema.

Nikavua vyote viwili, nikasogea mbele ya wale watu miguu mitupu, mikono yote miwili imebeba sanduku la biskuti la uwanja wa ndege, maana sikujua pa kuliweka. Mama akaushika mguu wa kulia akavipapasa vidole kimoja kimoja. Alipofika mahali pa cha tano akabonyeza lile kovu, akabonyeza tena.

"Hakuna," akawaambia majirani.

Kisha akamwambia dada alete uji, na alete vijiko viwili.