Programu Iliyouliza Kisima kwa Kisima

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya mifugo hapa Isiolo, Mkuu wa Kompyuta alinipa kiti kibovu na onyo: "Kanana, usiandike kitu cha kufanya kazi kwa mashine yako pekee." Nikaitikia ndiyo, mzee. Kumbe halikuniingia.

Niliandika programu ya vibali vya kusafirisha ng'ombe. Yenyewe haikujua kuchapisha, iliita programu nyingine ndogo. Nami, kwa ujuaji wangu, nikaandika ndani ya kodi, yaani yale maagizo ya programu, anwani kamili ya hiyo ndogo: diski gani, folda gani. Isiolo ikaenda sawa, nikatembea kifua mbele.

Kiangazi kikakaza, nikatumwa ofisi yetu ya Merti, kwenye kompyuta mpya. Malori ya kuwahamishia malishoni yalikuwa tayari, ng'ombe wa kijiji cha Biliqo mbavu nje, na bila kibali hakuna lori la kupita kizuizi cha barabarani. Nikabonyeza. "Programu haipatikani." Nikabonyeza tena. Wapi! Mashine ile iliiweka ile programu ndogo kwenye folda nyingine kabisa.

Daktari wa Mifugo, mkubwa wangu pale, akauliza, "Sasa niwaambie nini hawa watu? Ng'ombe wataanguka hapa hapa!" Aibu niliyoona, we acha tu.

Mzee Guyo, mwenye ng'ombe, alikuwa dirishani. "Mama, ngamia yangu ikipotea siendi kisima moja nikarudi. Nauliza ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho. Na nikiona ngamia, naangalia alama. Si kila ngamia ni yangu."

Haki ya Mungu, nilikaa wima. Kila kompyuta ina orodha ya folda ambamo programu hukaa. Nikafuta anwani yangu, nikaagiza kodi isome orodha hiyo, iingie folda moja baada ya nyingine na kuuliza: jina lipo? Na faili hili lina ruhusa ya kuendeshwa? Folda ya tatu ilikuwa na faili la jina lile lile, lakini la maandishi tu, kodi ikalipita. Ya tano, ndiyo hiyo! Printa ikanguruma. Guyo akabeba kibali cha kwanza, na jioni hapakubaki lori.

Sasa nimestaafu, nalima vitunguu Burat. Juzi nilipita ofisini, nikakuta kompyuta zote zimebadilishwa. Binti aliyerithi kiti changu akasema sehemu ya vibali hajawahi kuigusa, haijakwama hata siku moja. "Sijui nani aliiandika."

"Ni mimi!" nikasema, ofisi nzima isikie. "Mimi na mchungaji mmoja wa Biliqo."